Mlango wa Mara ya Tatu

Paris, siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwaka wa Bwana 1113

Kwa Baba na Mwalimu wangu Ansketil, monasterini Valbrun.

Shikamoo, Baba. Kasirika kwanza, halafu endelea kusoma.

Najua mnanisema huko. Bruda Mauger wa langoni bila shaka anawaambia wageni kwamba alinisikia nikiondoka akaamua kuendelea kukoroma, maana amechoka kunifungulia. Sina neno naye. Hii ni mara yangu ya tatu kutoroka, na Kanuni yetu naijua kama unavyoijua wewe. Mmonaki aliyetoroka akirudi na kutubu hupokewa, anapangwa mahali pa mwisho, nyuma ya wote. Akitoroka tena na kurudi, hupokewa tena. Lakini akishapokewa mara ya tatu, akitoka ndiyo basi. Hata aje akilia machozi ya damu, lango halifunguliwi. Kwa hiyo nimebakiza kurudi mara moja tu, na sina mpango wa kuitumia.

Hapa ndipo nilipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Mwalimu wetu anaitwa Gauzbert, mtu mfupi mwenye sauti ya muuza samaki. Amekodi ukumbi karibu na daraja, nasi tunakaa juu ya nyasi kavu tukigombania mahali pa mbele. Mwenye swali anauliza. Hakuna anayemwambia akasali kwanza. Unakumbuka nilivyouliza kwenye mkutano wa asubuhi kwamba, kama Mungu habadiliki, sala zetu zinambadilisha nini? Abate Warin alinipa adhabu ya mkate na maji, na swali langu likabaki pale pale bila kupewa hata hivyo viwili.

Nimepanga kwa mjane mmoja, Mama Odierna, anayeoka mikate ya kujaza nyama na kuiuza darajani. Ananiita msomi asiyejua kufua. Chumba chake kinavuja na wapangaji wenzangu wanapigana, lakini naamka kila siku nikiwa na hamu ya kuamka. Valbrun sikuwa nayo.

Sikuandikii ili kukuumiza. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, na wewe peke yako huko hujawahi kunikemea kwa kuuliza. Sasa nakuuliza na wewe. Pale kwayani nilikuwa naimba maneno ambayo moyoni sikuwa na hakika nayo, nikajiona mwongo aliyevaa joho. Nataka kuelewa kwanza, ndipo niamini. Kuna ubaya gani?

Mwanao,
Rainald


Valbrun, siku ya pili baada ya Watakatifu Wote, 1113

Kwa Rainald, mwanangu msumbufu.

Marahaba. Nilikasirika kama ulivyoagiza, nikamaliza, nikaendelea kusoma.

Abate anajua kwamba nakuandikia. Hajaniruhusu wala hajanikataza. Akipita karibu na meza yangu anatazama dari. Si mtu mbaya yule, Rainald. Ana watu wa kulisha na paa linalovuja, na wewe ulimletea habari za Mungu kubadilika au kutobadilika hata supu hajaionja. Halafu kuna jingine linalomkaa rohoni. Mama yako alipita hapa siku ya soko kuuza jibini, mzima kama ng'ombe wake, akaniuliza habari zako. Mwaka juzi uliomba ruhusa ya kwenda kumzika. Abate mwenyewe alimsomea misa ya wafu. Nilijaribu kumtoa mama wa watu haraka kabla Abate hajamwona marehemu akipima jibini, lakini nilichelewa.

Tuje kwenye swali lako. Unataka kuelewa kwanza ndipo uamini. Haya. Ulipoletwa hapa ukiwa mdogo, unanuka zizi, nilikuchorea alama kwenye ubao wa nta nikakuambia hii ni A. Hukuniomba ushahidi. Ungeniomba, leo ungekuwa unachunga ng'ombe wa mama yako. Ulinisadiki, ukajifunza, na sasa elimu hiyo hiyo unaitumia kuniambia kwamba haifai kusadiki kabla ya kujua.

Sikuambii uache kuuliza. Mtu anayeamini na hataki kabisa kuelewa anachokiamini, kwangu ni mvivu, na wavivu hapa wanatutosha. Ila sina hakika kama wewe unauliza au hutulii tu. Unakumbuka tulivyopandikiza matofaa nyuma ya jiko? Kila kitawi tulikifunga kwenye shina la mti mwingine kwa udongo na kitambaa. Vyote vilishika isipokuwa vyako. Siku moja nikakufumania umepiga magoti unafungua kitambaa ili uone kama kimeshika, na nikagundua ulikuwa unafungua kila asubuhi. Mwanangu, kuna vitu vinataka kufungwa na kuachwa, na hapo katikati unachokuwa nacho ni kungoja tu.

Na kama hao wa Paris wanataka hoja, wape ile niliyokufundisha. Kila mtu duniani, hata asiyewahi kusikia jina la Mungu, ana njaa ya jambo jema lisilokwisha. Njaa isingekuwepo kama chakula chake hakipo popote. Nimeifundisha hoja hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijaona aliyeitikisa.

Kula vizuri. Msalimie huyo mama wa mikate, umwambie kufua nilikufundisha, hukusikiliza.

Ansketil


Paris, siku ya Mtakatifu Nikolao, 1113

Shikamoo, Baba.

Hoja yako nimewapa.

Nilisimama mbele ya ukumbi wote nikaieleza vizuri, kama ulivyonifundisha, na nikasema imetoka kwa mwalimu wangu wa Valbrun. Gauzbert alinisikiliza huku anachokonoa meno. Kisha akasema, "Mjomba wangu alipokuwa anakufa kwa homa, kutwa nzima alilia aletewe farasi wake. Farasi alishakufa zamani, ngozi yake tumetengenezea viatu. Alimtaka kweli kweli, machozi yanamtoka. Sasa niambie, kijana wa Valbrun, kwa vile mjomba alimtamani, farasi alifufuka?"

Ukumbi uliangua kicheko. Walicheka mpaka wengine wakalala kwenye nyasi. Na mimi nilicheka, Baba. Nilitaka kujizuia nikashindwa, kwa sababu ni kweli. Kutamani kitu hakukifanyi kiwepo. Ni jambo jepesi hata mtoto analiona, nasi tulikaa na hoja hiyo miaka yote hiyo tukiipanguza vumbi kama kikombe cha altare.

Halafu hayo matofaa yako. Nimeyafikiria sana. Unasema nisifungue kitambaa. Na kama kimeoza ndani? Atajua nani? Ninyi huko mmefunga kitambaa, mkakizunguka na zaburi, na hakuna hata mmoja wenu aliyethubutu kuchungulia maisha yake yote. Pengine kilioza kabla sijazaliwa. Pengine wewe unalijua hilo, ndiyo maana hutaki mtu afungue.

Nimeandika kwa haraka kwa sababu mchuuzi wa chumvi anaondoka sasa hivi. Nijibu kama unalo jibu.

Rainald


Paris, siku ya Bwana kutolewa Hekaluni, 1114

Baba, mbona kimya?

Nimekuandikia tena baada ya Krismasi, nikaandika tena baada ya Epifania, hujibu. Jana nimemwona yule mchuuzi wa chumvi. Anasema alikukabidhi barua yangu mkononi, ukaisoma hapo hapo uani umesimama, kisha ukakaa chini kwenye theluji, na ilibidi Bruda Mauger akunyanyue kwapani. Baada ya hapo hajui.

Nimemsimulia Mama Odierna niliyokuandikia. Alikuwa anakanda unga. Akaniambia, "Na wewe ukamtumia mzee wa watu maneno hayo kwenye baridi hii?" Hajanisemesha tena tangu hapo, na mkate wangu wa asubuhi ananiwekea mlangoni kama wa mbwa.

Sitaki jibu tena. Hoja ya farasi sina haja nayo. Nakuja. Nitapanda mashua ya kwanza itakayoteremka mto, nitapiga magoti langoni, nitatumia ile nafasi moja niliyobakiza. Kama umelala kitandani kwa ajili yangu, amka kidogo unisubiri. Nina hofu, Baba.

Rainald


Paris, wiki ya kwanza ya Kwaresima, 1114

Kwa Rainald, popote alipo, lakini nadhani yuko Valbrun.

Usicheke. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kitanda chako.

Wewe ulishuka na mashua, mimi nilipanda kwa miguu na kwa mikokoteni ya watu, na pengine tulipishana mahali fulani wewe ukiwa umesinzia. Nilipogonga mlango, Mama Odierna alinitazama toka kofia hadi viatu, akaniuliza, "Wewe ndiye Baba Ansketil? Mbona mwenzio amekwenda kukuzika?" Kisha akanivua soksi kwa nguvu akazianika kwenye tanuri, juu ya mikate ya watu.

Nisikilize vizuri. Sikukaa kwenye theluji kwa sababu uliniumiza. Uliniumiza, ndiyo, na ile ya kitambaa ilinichoma mpaka leo inauma. Lakini nilikaa kwa sababu niliona tundu. Nilisoma habari ya huyo mjomba na farasi wake, nikaona papo hapo kwamba hoja yangu haisimami, na miguu yangu ikakataa kusimama pia. Nimeifundisha maisha yangu yote. Kinachonitia aibu si kwamba Gauzbert aliliona tundu. Ni kwamba mimi sikuwahi hata kulitafuta. Nilikuwa nimeacha kufikiri siku nyingi, na ule uvivu wangu nikauita imani.

Sikulala. Kwayani nilikuwa nakosea zaburi ninazoziimba tangu utotoni. Nikamwomba Abate ruhusa nije nimsikilize mtu huyu walau msimu mmoja wa baridi. Akaniambia kwa upole, "Bruda Ansketil, umri wako huu ni wa kuota moto." Nikamwomba tena, akacheka, akidhani namtania. Kwa hiyo siku moja wenzangu wakiwa kwenye Masifu ya asubuhi nilipita nyuma ya jiko, kwenye matofaa, nikaondoka. Mimi, niliyekuhubiria kutulia. Barua zako za baada ya Krismasi sikuzipata, nilikuwa njiani.

Nimeshaingia ukumbini mara kadhaa. Ninakaa nyuma. Wanafunzi wananiita Babu, na mmoja ananishikia mahali pasipo na upepo. Gauzbert bado sijamsemesha. Namwogopa, na ni muda mrefu sijaogopa mtu mwenye akili. Ni jambo zuri kuliko ninavyoweza kukueleza.

Nisamehe kwa safari yako ya bure.

Ansketil


Valbrun, katikati ya Kwaresima, 1114

Shikamoo, Baba, wewe mtoro.

Nilipiga magoti langoni kwenye matope. Bruda Mauger akafungua kidirisha, akanitazama weee, akasema, "Mmoja anatoka, mmoja anaingia. Hii ni monasteri au banda la kuku?" Ndipo nikajua haupo. Nilibaki nimepiga magoti, nacheka na kulia kwa pamoja, mpaka akaja Abate mwenyewe.

Hakunikemea. Ningependa angenikemea. Alisema mbele ya wote, "Rainald, hii ni ya tatu. Unalielewa hilo?" Nikasema nalielewa. Akaniinua akanipeleka mahali pangu, nyuma ya watoto, nyuma ya mmoja anayenyonya kidole wakati wa zaburi. Kisha akaniambia nifundishe darasa lako, maana hakuna mwingine. Kwa hiyo nimekaa kwenye kiti chako, na jana nilimchorea huyo mnyonya kidole alama kwenye nta nikamwambia hii ni A. Akaniuliza, "Kwa nini?" Baba, nilikukumbuka.

Nina ugomvi na wewe. Unajua nilikuja kwa ajili yako. Sikuja kwa ajili ya Valbrun. Sasa niko ndani na lango limefungwa kwa nyuma yangu, wewe uko nje unafurahia Gauzbert wangu na mikate yangu. Usiku wa kwanza nilizunguka ukuta kwa mawazo yangu nikitafuta pa kutokea. Lakini siwezi tena kutoka kwa utani. Nikitoka ni moja kwa moja.

Na sasa nikuambie jambo litakalokushangaza. Baada ya wiki chache nimeanza kulala. Nafundisha asubuhi, mchana nakata matawi makavu bustanini, na watoto wananiuliza maswali ambayo Gauzbert angeyapenda, na mimi siwapi mkate na maji. Abate anasikia kutoka mlangoni na anaendelea na safari zake. Naanza kudhani kwamba nilichokuwa nakikimbia hakikuwa mahali hapa.

Rudi nyumbani. Wewe umetoka mara moja tu; watakupokea kama mfalme, utasimama pamoja nami nyuma ya mnyonya kidole. Nina mengi ya kukuuliza, na safari hii nitasubiri majibu.

Rainald


Paris, wiki baada ya Pasaka, 1114

Mwanangu Rainald.

Nimesema naye.

Siku hiyo alirudia ile hadithi ya mjomba kwa ajili ya wanafunzi wapya, nao wakacheka kama mlivyocheka ninyi. Nikainua mkono. Ukumbi ukageuka kumsikia Babu. Nikasema, "Mwalimu, nina swali dogo. Huyo farasi, aliwahi kuwepo?" Akasema, "Alikuwepo, nimeshakuambia, tumemvaa miguuni." Nikasema, "Basi mjomba wako hakutamani kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Alitamani kitu alichowahi kukipanda mgongoni. Ningependa kujua sisi wengine tunakumbuka nini."

Hakuna aliyecheka. Gauzbert alinitazama, kisha akacheka yeye, peke yake, kicheko kizuri, akavuta kigoda akaniambia nikae mbele. Tulibishana mpaka watu wakaanza kwenda kula. Anasema mtu anaweza kutamani farasi wa hadithi aliyesimuliwa na bibi yake, na ni kweli, hilo nalo ni tundu. Hoja yangu mpya haijatimia. Pengine haitatimia mikononi mwangu. Lakini siogopi tena kuigusa.

Ulinishutumu kwamba sithubutu kufungua kitambaa. Ulikuwa sahihi kuhusu mimi, ingawa hukuwa sahihi kuhusu mti. Nilidhani swali likiingia, imani itatoka, kwa hiyo nililinda mlango kama Mauger. Sasa nimekaa kwenye nyasi kavu nikiulizwa kila kitu, na sala yangu ya jioni ni ya kweli kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi. Naongea na Mungu nikiwa sijui, na naona hachoki kunisikiliza.

Kuhusu kurudi, nitarudi. Nataka sana kurudi. Nataka nife mahali ninapojua majina ya watu. Lakini ngoja kwanza hali ya hewa itengemae na haka kamafua kaishe. Ni mafua tu.

Ansketil


Paris, siku ya Mtakatifu Marko, 1114

Kwa Bruda Rainald.

Mimi ni Odierna, muuza mikate. Ninaandikiwa na mwanafunzi mpangaji wangu na nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie.

Baba yako anakufa. Yeye anakuandikia mafua, mimi nakuambia anatema damu kwenye vitambaa vyangu na anavificha chini ya godoro, kana kwamba sifui mimi. Hali chochote isipokuwa mchuzi. Mchana ana akili zake zote na anabishana na huyo Gauzbert anayekuja kumwona. Jioni akipandwa na homa anauliza kama wenzake wameshaamka. Ananiambia, "Mama, wenzangu wako karibu?" Namwambia wako karibu. Sasa nimechoka kumdanganya mtu mzima.

Nilimwambia nimpakie kwenye mashua na mtu wa kumshika. Akasema hawezi kufika bila mtu wake. Nikamuuliza mtu wake nani. Nikamwambia nikuite? Akanishika mkono kwa nguvu nisizojua amezitoa wapi, akasema, "Huyo usimwite kabisa. Huyo ametulia."

Sasa mimi sijui mambo yenu ya huko ndani. Amenikataza nami nimekuita. Kama una uwezo wa kuja, njoo. Kama huna, nitumie neno moja la kumwambia.

Odierna


Valbrun, siku ya Mitume Filipo na Yakobo, 1114

Kwa Baba Abate Warin.

Baba Abate, unapoisoma barua hii mimi nimeshatoka.

Uliponikatalia ruhusa ya kwenda Paris jana mkutanoni hukunionea. Uliniuliza, "Mara ya kwanza ulikwenda kuhiji. Mara ya pili mama yako alikufa, kisha akatuletea jibini. Leo Bruda Ansketil anakufa na barua imeandikwa na muuza mikate. Niamini nini?" Ningekuwa wewe, na mimi nisingeniamini. Ulisema mkokoteni wa sufu utakwenda Paris siku ya Mtakatifu Yohane, mwishoni mwa mwezi ujao, na utamleta. Ni ahadi njema. Lakini yeye hatafika siku ya Mtakatifu Yohane.

Najua Kanuni. Sikuombi uipindishe kwa ajili yangu. Kwa miaka nilitafuta pa kutokea hapa, na sasa nilikuwa nimeacha kutafuta. Nilitaka kuzeeka kwenye darasa lile. Nilipopita langoni leo nililia kama mtoto, na Bruda Mauger, ambaye safari hii hakuwa anakoroma, alinishika joho akaniambia, "Bruda, usitoke. Ukitoka sitakufungulia." Usimwadhibu. Alinizuia kweli, nami nilimsukuma.

Ninakuomba jambo moja tu. Yeye ametoka mara moja. Nikimfikisha langoni, mpokeeni.

Rainald


Nje ya Valbrun, wiki ya Pentekoste, 1114

Kwa Mama Odierna.

Shikamoo, Mama. Uliniambia ukitufungia kile kikapu cha mikate kwamba nikuandikie amefikaje. Amefika.

Kwenye mashua alikuwa mchangamfu kuliko sisi wapiga makasia. Alidhani nimepewa ruhusa, kwa maana nilimwambia hivyo, na wewe ulinyamaza, asante. Nilimuuliza kama ana hakika sasa kuhusu farasi. Akasema, "Wewe kabishane na Gauzbert. Mimi nakwenda kuangalia mwenyewe." Akacheka mpaka akatapika damu, na nikajuta kuuliza. Tulipoacha mto nilimbeba mgongoni. Hakuwa mzito, Mama. Ningependa angekuwa mzito.

Langoni Mauger alifungua kidirisha, akamwona, akafungua lango lote. Abate akaja na ndugu wawili na machela. Wakamchukua. Mzee akageuza shingo akaniona nimebaki kwenye matope, sisogei, na hakuna anayeniambia nisogee. Ndipo akaelewa. Akanyosha mkono akanishika ukosi, akaniuliza, "Umenidanganya?" Nikasema, "Ndiyo, Baba." Akasema, "Tena?" Kisha akawaambia wamshushe. Alisema haingii. Alimwambia Abate kwamba nafasi za kurudi alizobakiza hana kazi nazo, apewe kijana. Abate akamjibu kwamba nafasi si mkate wa kumegeana, lakini alisema huku sauti inamkatika.

Nilipiga magoti karibu na machela nikamwambia, "Baba, ukifia nje nitakuwa nimetoka bure." Akaniachia ukosi. Abate mwenyewe akashika miguu yake, wakaingia, lango likafungwa. Kabla halijafungwa Abate alinitazama akasema, "Unajua kwamba siwezi." Nikamwambia najua. Hana kosa, Mama, usije ukamlaani.

Nimepata mahali kwa msaga nafaka, ng'ambo ya kijito, karibu kabisa na ukuta. Mauger alikuwa ananiletea habari kwenye kidirisha kila jioni, anajifanya anamwaga maji. Mzee amekula. Mzee amewafundisha watoto kutoka kitandani. Mzee amemwambia Abate kwamba ile hoja yake ya zamani wasiifundishe tena, na Abate ameandika.

Jana asubuhi nilisikia ubao.

Hili hulijui, nikueleze. Mmonaki hakimbii. Ukikimbia unaadhibiwa. Lakini mmoja wetu anapokata roho, wanagonga ubao wa mti kwa nyundo, na hapo kila mtu anaacha alichoshika, mpishi anaacha chungu, wanaacha hata zaburi katikati, na wote wanakimbia kumwendea huku wanaisema Nasadiki kwa sauti, ili anayekufa aisikie kwa karibu.

Niliwasikia wakianza. Nasadiki kwa Mungu mmoja. Nilisikia viatu vyao kwenye mawe ya ua. Na miguu yangu ikaondoka, Mama. Nilikimbia kwa nje, kandokando ya ukuta, wao ndani mimi nje, kuelekea upande wa chumba cha wagonjwa. Uliwahi kuniuliza kwa nini kanisani nafunga mdomo watu wakifika kwenye maneno hayo, nikakujibu kisomi. Jana nilikuwa nayasema. Niliyasema kwa sauti kubwa kuliko wao, pumzi imeniishia, sikuruka hata neno moja, wala sikusimama kwenye lolote kujiuliza kama nimelielewa. Nilitaka ayasikie.

Ukuta unaishia kijitoni. Wao walikuwa wameshaingia kwake, sauti zao zikapotea ndani. Nikasimama kwenye maji hadi magotini, nikamalizia yaliyobaki peke yangu mpaka Amina.

Kile chumba changu mpe mwanafunzi mwingine. Msaga nafaka ana watoto wanaotaka kujua kusoma, na mimi sina safari.

Mwanao,
Rainald